Ekari Tano za Mama

Kambi ya wafanyakazi, shambani
6 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Mama naye mpe shikamoo yake, tena umpe akiwa ameketi, maana akisalimiwa amesimama huitikia huku anaondoka. Mimi ni mzima. Kikohozi cha safari kimeisha. Nyinyi je? Goti la mama linamruhusu kushuka bondeni, au anashuka bila ruhusa yake?

Simu huku ni pambo tu, mtandao haufiki. Dereva wa lori la mafuta ndiye anayetubebea barua hadi posta, kwa hiyo nizoee kwa maandishi.

Dada, sijui nianzie wapi. Siku niliyofika, fundi mitambo mmoja ambaye kambi nzima inamwita Bolti aliniambia, "Mgeni, twende ukaone ulichokuja kufanya." Akanipandisha ngazi ya chuma iliyobandikwa ubavuni mwa ghala la nafaka. Ghala lenyewe ni mnara. Kufika juu nikashika bomba kwa mikono miwili kama mtoto. Ngano! Mbele ngano, nyuma ngano, kulia na kushoto ngano, mpaka pale mbingu inapoinama kugusa ardhi. Hakuna nyumba, hakuna ua, hakuna njia ya mbuzi. Kisha upepo ukaja, na nakuapia niliuona ukija. Ulianza mbali kama kivuli, ukatembea juu ya majani, majani yakilala na kuinuka, nami nikiungoja pale juu mpaka ukanipiga usoni. Machozi yalinitoka. Nikamwambia Bolti ni vumbi.

"Yote haya ya nani?" nikauliza.

"Ya mtu mmoja. Na hata yeye hajawahi kuliona lote."

Nimepewa trekta la kunyunyizia dawa. Lina mikono miwili ya mabomba, na ikikunjuliwa inaenea kuliko upana wa mahindi yetu yote pale nyumbani. Nikianza mstari mmoja asubuhi, nageuza kichwa cha trekta jua likiwa limeshapanda.

Mmesikia redioni habari za muswada? Serikali inataka kuweka ukomo wa ukubwa wa shamba. Meneja ametukusanya na kutuuliza, "Hili likikatwa vipande, mkate wa mjini utatoka wapi?" Mimi namuunga mkono. Serikali inaingiliaje shamba la mtu? Anayeweza kulima nchi nzima, mwacheni alime. Laiti ungesimama pale juu ya ghala, usingesema vingine.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba


Nyumbani
2 Mei

Mdogo wangu Kitindamimba,

Marahaba. Mama amesema marahaba akiwa ameketi, kisha akaondoka. Goti linauma akikaa na linapona akiona jembe, kwa hiyo dawa yake tunaijua. Sote wazima.

Barua yako nimemsomea mama mara mbili. Pale ulipouona upepo aliniambia nirudie. Baadaye akauliza, "Na watu wanakaa wapi?" Nikamwambia hujaandika.

Sasa nisikilize na mimi dada yako. Muswada tunausikia vizuri kuliko nyinyi, kwa sababu una pande mbili, na meneja wako amewasomea upande mmoja. Upande wa kwanza unasema mtu mmoja asimiliki shamba kupita kiasi fulani. Hapo mimi napiga makofi. Upande wa pili unasema shamba lililo chini ya ekari sita lisigawanywe tena, libaki zima mikononi mwa familia. Huo ndio umekichafua kilima chote. Kila mwenye watoto anakimbilia kugawa kabla sheria haijapita. Wapima ardhi hawalali. Ukitoka mlangoni unaona vigingi vyenye vichwa vyekundu, utadhani kilima kimeota upele.

Kwa Baba Mdogo nimeshuhudia kwa macho yangu. Amewagawia wanawe wote, na sehemu ya yule wa mwisho ni kamba tu. Ng'ombe wake alisimama juzi akala nyasi za kaka huku mkia ukimpiga shemeji. Jembe la kukokotwa haliwezi kugeuka bila kuomba radhi. Nao wamefurahi! Kila mmoja anatembea na hati mfukoni.

Kwenye ofisi ya ardhi wamebandika picha ya kilima chetu iliyopigwa kutoka angani. Nilikwenda kwa shughuli nyingine nikajikuta nimesimama mbele yake, watu wananipita, siondoki. Babu alipokuja hapa kilima kilikuwa kipande kimoja. Sasa kinaonekana kama kitambaa kilichochanwa nyuzi nyuzi. Na kila uzi una jina la mtu ninayemfahamu, anayeamka alfajiri kuulimia watoto wake. Niliogopa, nikastaajabu, vyote pamoja. Watu wote wale wanaishi juu ya kitu chembamba hivyo?

Tume itakuja mwezi ujao kusikiliza maoni, na akina mama wamenichagua mimi niseme. Nimeshaiandaa hotuba. Nitasema wakubwa wapunguzwe na wadogo waachwe. Serikali isituambie mama amgawie nani. Wewe baki na mwenye shamba wako, tutakutana redioni.

Dada yako


Kambini
19 Mei

Dada,

Shikamoo, na salamu kwa mama. Huku wazima, kazi ni nyingi.

Nitakuwa mfupi. Barua yako imeninyima usingizi. Kama sheria inapita na zile ekari tano za mama hazitagawanywa tena, basi mimi nitabaki nani? Kaka fundi cherehani ameniandikia kwamba yeye na wale pacha wameshamwomba mama wapewe vyao, na dada yetu wa pili vilevile. Mimi ni wa mwisho kuzaliwa, nisije nikawa wa mwisho kukumbukwa. Hapa shambani nalima kisichohesabika na hakuna hata tonge la udongo ninaloweza kuliita langu.

Mwambie mama na mimi naomba kipande changu. Hata kama ni kamba.

Mdogo wako


Nyumbani
13 Juni

Kitindamimba,

U mzima? Sisi wazima, ila bado nimeduwaa, na nikikueleza utaduwaa na wewe.

Barua yako ya mwisho nilimsomea mama jikoni. Alisikiliza mpaka mwisho, akafunika sufuria, akachukua jembe akaenda shambani. Sikumfuata. Unajua ombi hilo nimelisoma mara ngapi mbele yake mwaka huu? Na kila mara jibu lake ni moja: "Sawa, mwanangu." Kwa kaka, sawa. Kwa pacha, sawa. Mimi nilidhani ameridhika.

Jana tume ilikuja. Waliketi uwanja wa shule, meza ndefu, maji ya chupa, kipaza sauti. Mwenyekiti ni mama mmoja mnene mwenye sauti ya taratibu. Asubuhi, kabla hata ya kikao, alivua viatu akaomba atembezwe kwenye mashamba ya Baba Mdogo. Alitembea ile kamba ya yule wa mwisho mwanzo hadi mwisho, mguu mbele ya mguu, na watu wa tume wakamfuata wamejipanga mmoja nyuma ya mwingine, maana hapakuwa na nafasi ya wawili. Hakuna aliyecheka. Aliporudi akafungua kikao.

Wazee walisema, vijana wakasema. Wakaita jina la kikundi chetu. Nikasimama na karatasi yangu. Kabla sijafungua mdomo nikamwona mama anapita mbele, na khanga yake ya shambani, anaelekea kipaza sauti. Mama! Ambaye kwenye arusi ya mwanawe mwenyewe alikataa kusema hata asante.

Akasema, "Mimi nina watoto sita na ekari tano. Wamenizalia wajukuu, wote wazuri. Watano wameniomba vipande. Huyu wa sita ananisaidia kulima na hajaomba, lakini najua ana haki."

Mwenyekiti akamuuliza, "Kwa hiyo, mama, unataka serikali iwaache mgawane wenyewe?"

"Hapana. Nataka mkataze."

Nikasikia bendera ikipiga mlingoti.

"Mimi ni mama yao," akasema. "Mtoto akiniomba, siwezi kumnyima. Sina mdomo huo. Nimesema sawa kwa huyu, sawa kwa yule, na kila nikisema nakwenda shambani nalia, kwa sababu nikishamaliza kuwapa wote, hakuna hata mmoja atakayeshiba. Baba yao angeweza kukataa, lakini baba yao amefariki. Sasa nawaomba nyinyi mnikatalie. Waambieni wanangu hapana, ili mimi nibaki mama yao."

Kisha akarudi kukaa. Ndugu yangu, niliwaona wanaume wa kilima hiki, wenye hati mfukoni, wanatazama vidole vya miguu yao. Mwenyekiti aliondoa miwani na hakuirudisha. Nami nikaikunja karatasi yangu. Kila nililokuwa nimeandika lilikuwa sahihi, na halikuwa na pa kukaa tena.

Nimeishi na mama huyu miaka yote. Nilidhani namjua. Nimelala na kuamka naye pembeni ya jiko moja, kumbe ndani yake mlikuwa na kitu kikubwa hivyo, sijawahi kukiona hata ukingo wake.

Nakwambia ukweli, nimebadilika. Sasa sijui kama serikali iwaguse wakubwa, hilo tume ijue yenyewe. Lakini sisi ituzuie. Nawe sikulaumu kwa kuomba, hata mimi moyoni nilikuwa nimeshapiga hesabu kigingi changu kitakaa wapi.

Dada yako


Kambini
14 Juni

Dada,

Shikamoo. Sijui kama barua yangu ya mwezi uliopita mmeijibu, lori halijaja. Mwambie mama mimi ni mzima, tena uanze na hilo.

Ngano imekufa.

Siku moja nilishuka kwenye trekta nikaona suruali yangu imekuwa rangi ya chungwa mpaka magotini. Nikadhani ni vumbi la barabara. Nikamwonyesha bwana shamba. Aliingia kwenye ngano, akakata jani, akalipitisha kati ya vidole, na vidole vikatoka vimepakwa unga wa chungwa. "Kutu," akasema. Ni ugonjwa wa majani. Akanieleza kwamba shamba zima limepandwa mbegu ya aina moja, ndiyo maana inakua sawasawa na kuvunwa sawasawa. Kutu ikishajua kuliingia jani moja, imeyajua yote.

Tulinyunyizia. Matrekta yote yalitoka, hata ndege ya kunyunyizia ikaletwa. Lakini kwenye shamba la ukubwa huu, ukimaliza upande huu, ule upande mwingine umeshageuka. Hakuna kichaka, hakuna shamba la maharage katikati, hakuna kitu cha kuuambia ugonjwa simama hapo. Nilipanda tena juu ya ghala. Dada, ule upepo nilioupenda nikauona unakuja vilevile, na nyuma yake umebeba moshi wa chungwa. Ulikuwa mzuri. Naona haya kuandika neno hilo, lakini ulikuwa mzuri, na mkubwa. Bolti alikuwa pembeni yangu. Safari hii yeye ndiye aliyesema ni vumbi.

Mwenye shamba alikuja. Ndiyo mara yangu ya kwanza kumwona. Mtu mfupi, shati jeupe, hana hata msaidizi. Aliingia ndani ya ngano mpaka kiunoni akasimama peke yake katikati ya ukubwa ule wote. Nilidhani ningemcheka mtu kama yule siku ya kuanguka kwake, lakini alionekana mdogo sana, nikamhurumia. Alipotoka, shati lake jeupe lilikuwa la chungwa. Akapanda ndege akaondoka bila kusema na meneja.

Nilikwambia mwacheni mtu alime nchi nzima. Naifuta kauli yangu. Kuna ukubwa ambao hata mwenyewe hawezi kuufikia kwa wakati ukiugua. Mtu aseme basi, iishie hapa. Na kama mwenye shamba hawezi kulisema mwenyewe, lisemwe na serikali.

Mdogo wako


Nyumbani
2 Septemba

Kitindamimba,

Barua zetu zilipishana njiani kama watu wawili wanaokwenda kutafutana. Wewe umekuja upande wangu wa kuwawekea wakubwa ukomo, nami nimehamia wako wa kutokata shamba vipande. Hilo nilicheka sana nilipoliona. Lakini tangu hapo kimya. Nimekuandikia mara mbili. Mama kila jioni anauliza lori la mafuta huku kwetu linapitia wapi.

Kama ni kwa ajili ya yale aliyosema uwanjani, hajakasirika nawe. Andika hata mstari. U mzima?

Dada


Kambini
25 Septemba

Dada yangu,

Shikamoo, na unipigie magoti kwa mama.

Ni mzima. Nilinyamaza kwa haya. Barua yako ya tume ilinifika nikiwa natoa vyuma kwenye ghala. Nikaisoma nimesimama, nikaisoma nimeketi. Kila nilipofika pale, "kila nikisema nakwenda shambani nalia," najua siku mojawapo ni ile uliyomsomea barua yangu, akafunika sufuria. Nimeanza kuandika na kuchana mara nyingi.

Sasa nikupe habari za huku. Ngano ilichomwa. Moto ulipita kutoka upande mmoja wa dunia hadi mwingine na siku iliyofuata ardhi ilikuwa nyeusi yote, inafuka, na kimya ambacho sijawahi kukisikia. Meneja aliondoka. Wengi wameondoka. Tuliobaki tumeruhusiwa na mwenye shamba kulima ukanda ulio karibu na kambi mpaka atakapoamua la kufanya. Kila mtu amepanda alichonacho: mahindi, kunde, maboga, na Bolti amepanda alizeti kwa sababu anasema amechoka kutazama kitu kimoja. Mvua ndogo ilinyesha. Ukipanda ghalani sasa unaona jivu mpaka mwisho wa macho, na pale chini miguuni kamba nyembamba ya kijani, ya kila aina, na watu wameinama ndani yake wanaitana kwa majina. Mama aliuliza watu wanakaa wapi. Mwambie nimewaona.

Nayo sheria mmesikia imepita. Upande wa chini umepita wote, ule wa juu umerudishwa ufanyiwe utafiti. Wadogo wamewekewa sheria, wakubwa wamewekewa kamati! Nilicheka mpaka nikakasirika. Nusu ya haki ni kitu cha kuudhi kuliko dhuluma nzima. Lakini nikakaa nikafikiri: ile nusu iliyopita ndiyo aliyoiomba mama.

Kwa hiyo nasema kwa mkono wangu, na Bolti yupo hapa anashuhudia. Sidai kipande. Ekari tano zibaki tano, chini ya mama na wewe. Ofisini wakitaka sahihi yangu, nitakuja kuitia mwenyewe. Na umwambie mama sikukataliwa na serikali. Nimeacha kuomba.

Mdogo wako


Nyumbani
8 Desemba

Mwanangu Kitindamimba,

Ni mimi mama yako. Dada yako anaandika, mimi nasema. Nimemwambia asinitengenezee maneno.

Hujambo baba? Unakula? Sisi hatujambo. Goti lipo.

Nimesikia uliyoandika. Nililia, lakini si shambani. Nililia hapahapa nyumbani, mbele ya watu.

Wenzako nao nawataja. Pacha walikuja, wakakaa, wakala, wakasema basi mama. Dada yako wa pili alisema tangu zamani alikuwa anaomba kwa sababu wengine wanaomba. Kaka yako fundi cherehani bado salamu zake ni za baridi. Ameshona nguo za watoto wote wa nyumba hii ila mimi hajanishonea. Namwacha. Mimi ni mama yake, nina muda.

Sasa nikwambie nilichokiona, kwa sababu wewe unapenda kuona.

Mvua ilipokaribia tulileta trekta la kukodi. Kwenye kilima hiki trekta halijawahi kupanda, lingegeukia wapi? Lakini ekari tano ni nzima, likageuka. Baba Mdogo wako alisimama kwenye ua akitazama. Kisha nikaona wanawe wanakuja mmoja mmoja, wale wenye kamba zao. Hakuna aliyewaita. Yule wa mwisho akamuuliza dereva, "Ukifika pale mwisho, huwezi kuendelea?" Dereva akasema, "Vigingi vyenu." Wakatazamana. Akainama yeye wa kwanza, akang'oa chake, akakilaza kando. Na kaka yake. Na wa jirani, na jirani wa jirani. Hati zao bado wanazo, hakuna aliyempa mwenzake ardhi. Walisema kila mtu atavuna kwa kiasi chake, ila kulima tulime mara moja.

Trekta likapita. Likavuka kwa Baba Mdogo, likavuka kwa wale wa mgongoni mwa kilima, halikusimama. Mimi nilikuwa nafuata nyuma yake. Dada yako anasema nilikuwa nakimbia, mimi nasema nilikuwa natembea. Udongo ulifunguka mweusi, unapumua, ndege weupe wakatua wengi kuliko niliowahi kuona. Nimeolewa kwenye kilima hiki nikiwa binti. Maisha yangu yote nimeruka mipaka, huku ya mjomba, huku ya shemeji, mama angalia usikanyage. Siku hiyo nilitembea kutoka chini mpaka juu kabisa na sikuruka kitu. Nikageuka. Watu wote walikuwa wamesimama kwenye udongo mmoja, hata watoto. Nikakiona alichokiona babu yenu alipofika hapa. Nilidhani nilishachelewa kukiona.

Serikali sijaishukuru bado. Wamalizie ule upande wa juu kwanza.

Mwanangu, kipande cha kukukatia sina. Njoo. Nafasi ninayo.

Mama yako